Kinachobaki na Kinachobebeka: Itambue Mali Kabla ya Kununua Nyumba au Shamba

Ukipelekwa kuona nyumba inayouzwa Kiamunyi, nje kidogo ya kitovu cha jiji la Nakuru, unaonyeshwa mali za aina mbili kwa mpigo na kutajiwa bei moja. Kuna ploti, kuta, paa, geti la chuma na mparachichi uliozaa. Kuna pia tangi la maji juu ya mnara, paneli za sola, pampu ya kisima, kabati za jikoni, mapazia, jiko la gesi na kuku bandani. Muuzaji anajua anachokusudia kuondoka nacho, na wewe unajua ulichokiona. Mkataba unaandikwa nambari ya ploti na bei, basi. Ugomvi unakuja siku ya funguo, pesa zikiwa zimeshalipwa na lori la muuzaji limeshapita Njoro.

Upande mmoja ni mali isiyohamishika: ardhi yenyewe na kila kilichoshikamana nayo kwa kudumu. Upande wa pili ni mali inayohamishika: samani, magari, mifugo, mashine, bidhaa, pesa. Tofauti hii ndiyo inayoamua mkataba uandikweje, ushuru ulipwe kiasi gani, mkopo upatikane wapi, na mwenye mali akifa nani achukue nini. Ninachokisisitiza katika ulinganisho huu ni kwamba kila kitu kijulikane kiko upande gani kabla ya kupatana bei, na kwamba usimwage pesa kwenye ardhi ya mtu mwingine kwa namna isiyoweza kung'olewa.

Ardhi inabeba nini

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 260, inaipa ardhi maana pana kuliko udongo unaokanyaga. Inataja uso wa nchi na miamba iliyo chini yake, maji yaliyo juu au chini ya uso huo, mali asili zilizomo, hata anga iliyo juu. Kifungu hichohicho kinapoeleza mali kinahesabu haki juu ya ardhi, majengo ya kudumu na maendelezo, halafu kinataja kando bidhaa, pesa na mali ya ubunifu.

Upana huo una mpaka wake. Madini yako chini ya Kifungu cha 62, nayo ni ya umma. Mwenye shamba Ikolomani au Shinyalu, kule Kakamega kwenye dhahabu, ana hati ya shamba, lakini hati hiyo haimpi dhahabu iliyo chini. Anayekuuzia ekari kwa bei ya mgodi anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Mali inayohamishika ni rahisi kuieleza: ni ile unayoweza kuihamisha bila kuharibu ardhi wala kuubomoa mwili wa jengo. Ng'ombe wa maziwa Molo, pikipiki Kondele, kochi, friji, magunia ya mahindi ghalani Kitale. Haina haja ya maelezo marefu. Shida iko katikati.

Vile vinavyogombaniwa

Mahakama za Kenya hutumia kanuni za sheria ya mazoea ya Uingereza (common law, inayojengwa na hukumu za majaji) pale ambapo Bunge halijasema vinginevyo. Kesi inayorudiwa mno katika jambo hili ni Holland dhidi ya Hodgson ya mwaka 1872, kuhusu mitambo ya kufumia iliyopigiliwa misumari kwenye sakafu ya kiwanda. Mahakama ilisema mitambo ile imekuwa sehemu ya ardhi, na aliyeshika rehani ya ardhi akaichukua pamoja nayo. Maswali mawili yakabaki kuwa kipimo hadi leo: kitu kimeshikizwa kwa kiasi gani, na kimeshikizwa kwa kusudi gani?

Jaji katika kesi hiyo alitoa mfano ambao fundi yeyote wa Nakuru atauelewa. Mawe yaliyopangwa juu kwa juu bila saruji, yakawa ukuta wa kuzunguka shamba, ni sehemu ya ardhi. Mawe yaleyale yakipangwa vilevile kwenye uwanja wa muuza mawe ili yasichukue nafasi, ni bidhaa. Hayajashikizwa na chochote popote. Kinachobadilika ni kusudi la aliyeyapanga.

Kwa vipimo hivyo viwili, haya ndiyo maoni yangu kuhusu vitu vinavyoleta kelele nyingi huku kwetu. Kabati za jikoni zilizojengewa ukutani hubaki na nyumba. Vyuma vya mapazia hubaki, mapazia huondoka. Hita ya maji iliyounganishwa na mabomba bafuni hubaki, mtungi wa gesi huondoka. Pampu iliyozamishwa ndani ya kisima ningeihesabu kuwa ya ardhi, kwa sababu kisima bila pampu ni shimo; pampu ndogo ya petroli inayobebwa mkononi hadi mtoni Ahero ni ya mwenyewe. Tangi lililokaa tu juu ya mnara kwa uzito wake lina utata, na hapo maandishi ndiyo yataokoa. Paneli za sola zina utata zaidi: reli zimefungwa kwenye paa kwa skrubu, lakini betri na inveta zimekaa sebuleni na huchomolewa kama redio. Muuzaji akibeba betri na kukuachia paneli, umebaki na vioo juu ya paa.

Kitalu cha plastiki cha nyanya huko Bahati? Kama nguzo zimezikwa kwenye zege, mnunuzi ana hoja nzuri. Kama fremu imeshikwa kwa vigingi na mwenyewe huihamisha msimu hadi msimu, ni mali inayohamishika. Banda la ng'ombe la mawe ni ardhi, ng'ombe waliomo si ardhi, na mashine ya kukamulia inategemea ilivyofungwa.

Mazao nayo yana sheria yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inahesabu mazao ya kulimwa yaliyo shambani kuwa bidhaa, na hata vitu vilivyoshikamana na ardhi vinakuwa bidhaa iwapo mmekubaliana vitenganishwe nayo. Kwa hiyo miwa iliyosimama Mumias inaweza kuuzwa peke yake, na vivyo hivyo mikaratusi iliyokomaa kwa nguzo, bila shamba kubadilisha mwenye. Lakini shamba likiuzwa na mkataba ukanyamaza, mazao hufuata shamba. Miwa huchukua mwaka na zaidi kukomaa. Ukiuza ekari mbili miwa ikiwa kiunoni na usiandike nani atavuna, umempa mnunuzi jasho lako bure.

Namna ya kununua, upande kwa upande

Ng'ombe unaweza kumnunua sokoni asubuhi na ukamfikisha nyumbani adhuhuri. Unalipa, unapokea kamba, na kinachobaki ni kibali cha kumsafirisha. Kwa bidhaa za thamani ya shilingi 200 na zaidi, sheria hudai dalili ya mapatano, na maandishi si lazima: kupokea sehemu ya bidhaa au kutoa malipo ya awali kunatosha. Gari lina logibuku, na ambaye jina lake limesajiliwa huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kazi yote hii haichukui muda.

Ardhi haikubali haraka hiyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi. Unafanya sachi, yaani upekuzi wa rejista, kwa msajili wa ardhi. Unamleta mpima akuonyeshe mawe ya mipaka. Kama ni ardhi ya kilimo, unakwenda bodi ya udhibiti wa ardhi: Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka maombi ya kibali yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kupatana, na bila kibali mapatano ni batili. Halafu unalipa ushuru wa stempu, 4% kwa ardhi ya mjini na 2% kwa ya mashambani. Muuzaji kwa upande wake anadaiwa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni 15% ya faida. Mwisho ndipo hati miliki inatoka kwa jina lako.

Watu wengi Magharibi huishia kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa, wakaona wamemaliza. Karatasi hiyo inaweza kuthibitisha kwamba mlipatana. Haihamishi jina. Muuzaji akifariki miaka minane baadaye, wanawe watakukuta ukilima kwenye ardhi ambayo rejista inasema ni ya baba yao.

Katika yote mawili, huwezi kupewa na mtu asichokuwa nacho. Ukinunua ng'ombe wa wizi, mwenyewe akimtambua anaondoka naye. Kwa ardhi, wengi waliamini kwamba hati safi mkononi inatosha. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilisema hati iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haimlindi hata mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Kwa hiyo sachi ya ukurasa mmoja haitoshi kwa ploti ambayo zamani ilikuwa ya umma. Fuatilia ilikotoka: ilipewa nani kwanza, lini, kwa barua gani.

Kuna pesa pia katika kutenganisha. Ushuru wa stempu unatozwa kwenye ardhi na kilichoshikamana nayo, si kwenye makochi. Nyumba ya Milimani, Kisumu, ikiuzwa kwa milioni 8 na ndani yake kuna samani halisi za laki 5, mkiandika mkataba wa nyumba wa milioni 7.5 na orodha ya samani kando, ushuru unapungua kwa shilingi 20,000. Hilo ni halali iwapo samani zipo na zina thamani hiyo. Kupandisha bei ya viti vikuukuu hadi milioni mbili ili kukwepa ushuru ni udanganyifu, na mthamini wa serikali atakuja kuiangalia nyumba yenyewe.

Ukikopa, na mambo yakiharibika

Zamani asiye na hati miliki alionekana hana dhamana. Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika ilibadilisha hilo: ng'ombe, mazao, mashine, hata madeni unayodai wateja, vinaweza kuwekwa dhamana na kusajiliwa kwenye rejista ya kitaifa. Faida ni kwa mkulima wa maziwa Rongai au mwenye kinu cha kusaga Bungoma. Tahadhari ni kwa mnunuzi: trekta unaloonyeshwa linaweza kuwa na mkopo juu yake, nawe unaweza kutafuta kwenye rejista hiyo kabla ya kulipa. Watu hufanya sachi ya shamba na kusahau kufanya ya trekta.

Deni likikushinda, kasi ya kupoteza si moja. Kwa vitu vinavyohamishika, dalali wa mahakama hutangaza orodha, na baada ya siku 7 anaweza kuvichukua akauze. Kwa ardhi iliyowekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mkopaji notisi ya angalau miezi 3, kisha notisi ya kuuza ya siku 40, na dalali naye anatoa siku 45. Hiyo ni nafasi ya kupumua, ya kutafuta mnunuzi wako mwenyewe au kupatana upya na benki. Mwenye nyumba anayedai kodi naye huwatuma madalali kwenye vitu vya mpangaji. Kuta ni zake mwenyewe, kwa hiyo kinachobebwa ni televisheni yako.

Upande wa hasara ya asili, ardhi ndiyo dhaifu. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda tangu miaka ya 2010, na mwaka 2020 maji yaliingia nyumbani mwa watu Kihoto, Naivasha. Ziwa Victoria nalo lilipanda sana mwaka huohuo. Budalang'i wanaujua Mto Nzoia. Waliokuwa na ng'ombe na mashine waliweza kuvihamishia mahali pa juu. Nyumba zilibaki ndani ya maji. Ploti karibu na maji inunuliwe ukiwa umeiona msimu wa mvua, si Januari.

Mwenye mali akifa

Hapa ndipo wajane wengi huumizwa, na naomba msomaji aende polepole.

Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kwa mtu aliyekufa bila wosia akaacha mwenzi mmoja na watoto, inampa mwenzi huyo vitu vya matumizi ya nyumbani viwe vyake kabisa: nguo, samani, vyombo, vifaa vya jikoni, mapambo. Gari halimo. Vifaa vya kazi au biashara ya marehemu havimo. Mali iliyobaki, pamoja na shamba, anaishikilia kwa maisha yake kwa niaba ya watoto.

Tofauti ya aina za mali inarudi tena akihitaji kuuza. Kwa mali inayohamishika katika fungu hilo, kama ng'ombe wa ziada, anaweza kuuza kwa ajili ya kujikimu akiwa na idhini ya wadhamini wenzake (wanaosimamia mali hiyo pamoja naye) na watoto wote waliofikia utu uzima, au ya mahakama. Kwa ardhi, idhini ya mahakama ni lazima siku zote. Kwa hiyo shemeji anayekuja siku ya tatu baada ya mazishi na kubeba kochi na friji akidai "vitu vya ndugu yetu" anachukua mali ambayo sheria imeshampa mjane. Na mnunuzi anayempa mjane pesa za nusu ekari kabla ya mahakama kusema, ananunua kesi. Palipo na wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mke aliye hai huhesabiwa kuwa nafsi moja zaidi.

Halafu kuna makaburi. Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, watu huzikwa bomani. Kaburi halihamishwi kirahisi, na kulifukua kunahitaji kibali cha serikali. Hakuna orodha ya vitu vya kubeba inayoligusa. Mnunuzi wa boma la zamani aulize, aonyeshwe, na mkataba useme familia itaruhusiwa kufika au la. Mimi ningelipa bei ndogo kwa boma lenye makaburi, au ningeomba sehemu hiyo ikatwe ibaki kwa familia kabla ya hati kuhamishwa.

Ukikodi uwanja: ujenge au uweke?

Kijana amepata uwanja wa kukodi Kondele au Free Area, ana laki 6, anataka kufungua duka la vipuri. Njia moja ni kujenga chumba cha mawe chenye paa na sakafu ya saruji. Njia ya pili ni kununua kontena lililokatwa dirisha, likae juu ya matofali.

Chumba cha mawe ni kizuri kwa macho, kina baridi mchana, na wateja hukiamini. Lakini siku kinapokamilika kinakuwa cha mwenye ardhi, kwa sababu kimemezwa na ardhi. Rafu, kaunta na mashine alizofunga kwa ajili ya biashara, mpangaji anaruhusiwa kuzing'oa kabla ya kuondoka. Kuta hapana. Sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, inamlinda asifukuzwe ghafla: notisi ya miezi 2 kwa fomu maalumu, na baraza la kusikiliza. Baraza hilo linaweza pia kumpa fidia ya maendelezo aliyofanya kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Neno zito hapo ni ridhaa. Bila barua, utaithibitishaje?

Kontena halina uzuri huo na lina joto la kuchosha. Ila mkataba ukiisha unaita lori la winchi. Unaweza kuliuza, kulihamishia Mamboleo, au kuliweka dhamana. Ushauri wangu kwa mwenye ukodishaji wa miaka 2 au pungufu, ambao sheria inaruhusu uwe hata wa mdomo, ni kontena bila kusitasita. Kwa mwenye ukodishaji wa miaka 10 uliosajiliwa, wenye kifungu cha fidia, kujenga kunaanza kuwa na hesabu. Kati ya hapo, pima hivi: gharama ya ujenzi gawa kwa miezi uliyohakikishiwa kwa maandishi, kisha ujumlishe kwenye kodi ya mwezi. Ikiwa jumla hiyo inazidi unachoweza kulipa kwa duka lililokwisha kujengwa barabara ya pili, nenda barabara ya pili.

Maneno ya kutia kwenye mkataba

Kwa anayenunua nyumba, orodha iandikwe mkiwa mmesimama ndani ya nyumba, chumba kwa chumba, si ofisini kwa wakili. Kwa mfano: "Muuzaji anauza ploti iliyotajwa pamoja na jengo, kabati zote zilizojengewa, tangi la maji na mnara wake, pampu ya kisima, paneli za sola pamoja na betri na inveta, na geti. Muuzaji ataondoa samani, mapazia, jiko na mifugo kabla ya tarehe ya kukabidhi. Mahindi yaliyo shambani yatavunwa na muuzaji kabla ya tarehe iliyokubaliwa; yasipovunwa yatakuwa ya mnunuzi." Picha za kila kitu zipigwe siku hiyo, na zitiwe sahihi na wote wawili.

Mwenye mke au mume asisahau sahihi ya mwenzake. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inavihesabu hata vitu vya ndani kuwa mali ya ndoa. Sehemu ya mwisho ya malipo, hata kama ni 10% tu, ibaki kwa wakili hadi mnunuzi apite na orodha mkononi na kuwasha pampu mwenyewe.